Watoto Wadogo na Maboya ya Kuogelea

Wazazi wengi huuliza: Je, yafaa mtoto mdogo avikwe maboya bwawani? Jawabu letu ni kwamba maboya ni ya namna mbili, wala hayalingani. Vile vifuko vijazwavyo upepo, vivaliwavyo mikononi, ni vitu vya mchezo tu. Huchomoka, tena kikitoboka upepo hutoka. Humzoeza mtoto kusimama wima majini. Na siku aingiapo bila vifuko, hudhani ataelea vile vile. Bali koti la kuokolea, likimkaa barabara na kufungwa vema, lafaa, hasa chomboni.

Lakini koti si mlezi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka 5. Twasema mfa maji haishi kutapatapa. Kumbe mtoto mdogo huzama kimya, asiweze hata kuita.

Basi, wazazi na walimu, mtu mzima mmoja na awe karibu, mkono wake umfikie mtoto, asishughulike na jambo jingine. Tena watoto wafundishwe kuogelea mapema. Koti livaliwe, ila jicho lisibanduke.