Mgeni Mwenye Miguu Minane

Ndugu msomaji, tuseme ni Jumapili kama hii ya leo. Kijana wako wa darasa la tano amerejea Dar es Salaam kutoka likizo kwa bibi yake huko Lushoto. Katika mizigo yake, baina ya viazi na mapeasi, limo kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kifunikoni. Unachungulia. Ndani yake amejikunyata buibui mkubwa kama kiganja cha mkono, mwenye manyoya mwili mzima na rangi ya chungwa lililoiva.

"Baba, naomba nimfuge," asema kijana.

Mama yake amekwisha kushika ufagio. Wewe utaamuaje?

Usidhani kijana amerukwa na akili. Huko Ulaya na Marekani maelfu ya watu hufuga majumbani mwao buibui wakubwa waitwao tarantula, na huyu wa milima ya Usambara ni miongoni mwa wanaojulikana sana. Hivyo ombi la kijana lastahili jibu lenye hoja, wala si ufagio.

JINA KWANZA

Jambo la kwanza ni kuuliza: huyu ni nani hasa? Jamaa ya tarantula ina aina zaidi ya 1,000, na tabia zao hazifanani. Aina nyingi za Amerika zina vinyweleo vya kuwasha mgongoni mwa tumbo, ambavyo buibui huvipangusa kwa miguu ya nyuma na kumrushia adui. Aina za Afrika na Asia hazina silaha hiyo. Kinga yao ni mbio na meno. Kwa hiyo mtu aliyesoma namna ya kumtunza buibui mpole wa Mexico, kisha akamshika hivyo hivyo huyu wa Usambara, atajuta.

Wala rangi isikudanganye. Mwaka 1897 mtaalamu wa Uingereza, Reginald Innes Pocock, aliipa aina moja ya Afrika jina la Pterinochilus murinus. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "wa panya". Hata hivyo, katika aina hiyo hiyo wamo wa kijivu, wa kahawia, na hawa wa rangi ya chungwa wa Usambara. Hata wataalamu hupotea: mwaka 2017 ilibainishwa kwamba wengi wa buibui wa Mexico wenye magoti mekundu, waliofugwa kwa miaka mingi kwa jina moja, walikuwa kwa kweli ni wa aina nyingine. Ikiwa mabingwa hukosea, sembuse mimi na wewe tunaochungulia ndani ya kopo?

TABIA YAKE

Tukubali kwamba ndiye huyo tunayemdhania. Wafugaji wa ng'ambo wamempachika jina la utani lenye maana ya "kitu cha rangi ya chungwa kiumacho", na hawakumsingizia. Akichokozwa huinua miguu ya mbele, huonyesha meno yake, na haoni tabu kuuma. Haijulikani kuwa sumu yake huua mtu mzima mwenye afya, lakini huleta maumivu makali, uvimbe, na pengine kukakamaa kwa misuli kwa siku kadhaa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, likandwe kwa maji baridi, na aende hospitali, hasa akiwa mtoto. Wembe na kamba havina kazi hapo.

Sasa itazame nyumba yako. Je, unaye mtoto atambaaye? Mnaishi chumba kimoja na ukumbi? Kila jioni mnapuliza dawa ya mbu? Dawa hiyo hiyo yaweza kumwua buibui. Akianguka kutoka mezani, tumbo lake laweza kupasuka. Anapojivua ngozi hulala chali kama mfu, na mwenye kumgusa saa hiyo humdhuru. Kumbe hatari ni ya pande zote mbili.

NANI ATAMLISHA?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hana siku ya jembe. Dume huishi miaka michache tu, lakini jike aweza kupita miaka kumi. Hesabu, ndugu yangu: kijana wa darasa la tano atakuwa amemaliza sekondari na kuondoka nyumbani, na buibui bado yumo ndani ya sanduku akingojea panzi na mende wake. Atakayemtafutia chakula ni nani? Ni yule yule mama wa ufagio.

USHAURI WANGU

Kwa maoni yangu, kiumbe usichokijua kwa jina wala kwa tabia hakifai kufugwa, hata kikipendeza namna gani. Lakini usimwue, na usimtupe katika mtaro wa jirani. Mrudishe Lushoto, pale pale alipotolewa. Hadi safari ipatikane, kopo lifungwe imara na kuwekwa kivulini, mbali na watoto na dawa ya mbu. Asishikwe kwa mkono hata kidogo. Na kijana aelewe kwamba kabla ya kuchukua mnyama wa porini, hapana budi kuuliza ofisi ya wanyamapori sheria inasemaje.

Kisha fanya jambo moja zaidi, kwani hapa ndipo penye kazi ya mzazi. Mpe kijana daftari. Likizo ijayo akae karibu na shimo la buibui huyo, pamoja na mjomba na tochi, aandike hutoka saa ngapi, hukamata nini, hufuma utando wa namna gani. Udadisi wake ni mali, usiuzime kwa kelele. Mfundishe tu kwamba kupenda kiumbe huanza kwa kukijua, na kwamba si kila tunachokipenda lazima tukiweke ndani ya kopo.