Matone 14 au 42? Hesabu ya dripu ya mtoto

Kijana wa Kilifi au Lamu akipata nafasi ya kusomea uuguzi KMTC, huenda akajikuta Embu au Meru, mbali na bahari na karibu na baridi ya Mlima Kenya. Sweta atanunua. Kitakachomtoa jasho wodini ni hesabu ya dripu.

Kanuni ni fupi: mililita zinazotakiwa, zidisha kwa matone yanayotimiza mililita moja, kisha gawanya kwa dakika. Tuseme daktari ameandika mililita 500 kwa saa 4. Mpira wa dripu wa watu wazima, ule wa kawaida, hutoa matone 20 kwa mililita. Basi 500 mara 20 ni 10,000. Gawanya kwa dakika 240, unapata kama matone 42 kwa dakika. Muuguzi hutazama saa, huhesabu matone, na kurekebisha kigurudumu cha mpira.

Kwa mtoto ndipo penye hatari. Mtoto wa kilo 10 asiyeweza kula wala kunywa huhitaji takriban mililita 1,000 kwa saa 24, yaani 42 kwa saa. Bureti ya watoto hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hivyo mililita za saa ndizo matone ya dakika: 42. Bureti ikikosekana, na hukosekana, mpira wa watu wazima udondoshe 14 tu. Atakayesahau akabaki na 42, maji ya siku nzima yataisha kwa saa 8. Soma pakiti kwanza. Kijitabu cha Wizara ya Afya cha matibabu ya watoto kina jedwali la vyombo vyote viwili; kukifungua si aibu.

Wengi hudhani maji hayadhuru. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kuchapishwa 2011, ulifuata watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji haraka, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa, 7. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha hakuhusika humo: yeye ana mpango wake, na huenda akahitaji maji ya haraka.

Nawe mama uliyekaa kando ya kitanda, usikizungushe kile kigurudumu ili chupa iishe mrudi nyumbani. Dripu ikikimbia, ikisimama, au mtoto akianza kuhema, muite nesi.