Pumu Kali na Dawa Isiyofika Kifuani

Mtu akibanwa na pumu hadi kulazwa mara mbili tatu kwa mwaka, watu husema ana pumu kali. Nadhani jina hilo tunalitoa mapema mno. Kitabibu, pumu kali ni ile inayoendelea kumtesa mgonjwa ingawa anatumia dozi kubwa ya steroidi ya kuvuta pamoja na dawa nyingine ya kupanua njia za hewa, anazivuta sawasawa kila siku, na vitu vinavyomchokoza, kama moshi, vimeshughulikiwa. Wagonjwa hao hukadiriwa kuwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 wenye pumu. Wengi wengine tunaowaita hivyo hawajawahi kupewa dawa ya kutibu ugonjwa wenyewe.

Kubanwa ni sehemu tu ya pumu. Kuta za njia za hewa huwa zimevimba kwa ndani hata siku ambazo mgonjwa anapanda ngazi bila shida. Anapobanwa, misuli imekaza juu ya uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Salbutamoli hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na kwa kuwa nafuu yake ni ya papo hapo, mgonjwa huiamini kuliko dawa yoyote. Uvimbe haiugusi. Steroidi ya kuvuta ndiyo huupunguza, tena polepole, bila mgonjwa kuhisi lolote anapoivuta, basi pesa zikipungua ndiyo ya kwanza kuachwa. Hatari ya kutegemea nafuu hiyo inajulikana. Uingereza ilichunguza vifo 195 vya pumu, na ripoti ya 2014 ikaonyesha kuwa kati ya marehemu ambao kumbukumbu za dawa zao za nafuu ya haraka, kama salbutamoli, zilipatikana, karibu 4 katika 10 walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za aina hiyo katika mwaka wao wa mwisho. Huko Saskatchewan, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta lililotumika kwa mwaka liliambatana na hatari ya kifo kupungua kwa asilimia 21. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA hautaki tena mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Wapo wanaoogopa neno steroidi, na hofu yao ina msingi. Vidonge vya prednisoloni vikimezwa mara kwa mara huleta kisukari, mifupa dhaifu na mtoto wa jicho. Lakini dawa ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu, mara nyingi 200 au 400 kwa siku, na huenda moja kwa moja mapafuni. Kidonge kimoja cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000 zinazozunguka mwili mzima. Anayeikwepa inhela kwa hofu hiyo ndiye huishia kumeza vidonge kila anapobanwa. Wengine watasema steroidi ya kuvuta ni ghali, na kwa familia nyingi ni kweli. Ila budesonidi, mojawapo ya steroidi hizo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo zahanati kuikosa ni uamuzi wa bajeti, na wodi, oksijeni na siku za kazi zilizopotea nazo hulipwa na mtu. Hata chombo cha kusaidia mtoto kuvuta si lazima kiwe cha dukani: jaribio la Cape Town lililochapishwa 1999 lilionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pale inhela inapoingia, ilifanya kazi sawa na kile cha kiwandani.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba maneno haya yanawalaumu wagonjwa. Sivyo. Kuna wanaofanya yote na bado hawalali usiku, nao wanahitaji daktari bingwa, vipimo vya damu na sindano kama mepolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Kwa kiasi kikubwa hatuwajui ni akina nani. Daktari hawezi kuwatambua katika foleni ambayo karibu kila mtu ameshika salbutamoli tupu, wala hawezi kuwatenganisha na yule ambaye dawa yake huishia ulimini kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia: hebu vuta mbele yangu nikuone.