Mtegemea Kosa la Mwenziwe

Kabla ya kuitwa Eldoret, mji ule wa Bonde la Ufa ulijulikana kwa nambari tu: 64. Posta yake ya mwaka 1910 ilifunguliwa katika shamba lenye nambari hiyo, na wenyeji wakaigeuza kwa ndimi zao ikawa Sisibo. Jina hilo lingalipo hata baada ya Eldoret kupewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Nasi lilitujia akilini katika likizo ya Agosti, tulipokuwa wageni wa jamaa zetu huko. Mvua ya alasiri iliwafungia watoto ndani, wakaweka mkekani ubao wa sataranji, ambao nao una miraba 64.

Binti wa mwenyeji wetu, mwenye umri wa miaka 11, alitushinda watu wazima watatu mfululizo, kila mmoja kwa hatua nne. Hila yake ni kongwe. Kwanza humsogeza askari aliye mbele ya mfalme. Kisha humtoa malkia hadi ukingoni mwa ubao, na hatua ya tatu humtoa ndovu, ambaye wengine humwita askofu. Wawili hao humlenga askari mmoja wa mpinzani asiye na mlinzi ila mfalme mwenyewe. Mpinzani asipotanabahi, malkia humla askari huyo, na mfalme hana pa kukimbilia.

Ikafika zamu ya binamu yake kutoka Mombasa, kijana wa miaka 15. Malkia alipotoka, kijana alimtoa farasi. Ndovu alipofuata, akamsogeza askari mmoja mraba mmoja, na malkia akalazimika kurudi nyuma. Binti akatisha tena kutoka upande mwingine, farasi wa pili akatoka akaziba njia. Kila malkia alipokimbia, kijana alipata nafasi ya kutoa kete mpya, na kabla ya muda mrefu binti hakuwa na la kufanya.

Machozi yakamlengalenga. "Lakini kaka," alisema, "wengine huwa hawaoni!"

Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga, akainua uso. "Basi, mama, walikuwa wakikushindia wao. Wewe hujashinda bado."

Tulilitafakari sana neno hilo. Kulitumia kosa la mpinzani si aibu. Ni sehemu ya mchezo. Hasara ni kulitegemea. Mwenye kuweka mtego dhaifu akiomba usionekane hucheza hatua ambayo yeye mwenyewe anajua si nzuri. Akifaulu, hajajifunza lolote, na ushindi humzidishia uzito wa kujifunza. Siku akutanapo na mwenye macho, hujikuta mikono mitupu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mtegemea kosa la mwenziwe hali yake ni hiyo hiyo.

Mabingwa wa kale walilijua hili. Mwanzoni mwa karne ya 10, huko Baghdad, Abu Bakr as-Suli alimshinda al-Mawardi, bingwa wa kasri, mbele ya Khalifa al-Muktafi. As-Suli aliacha fumbo la sataranji lililowashinda watu kwa zaidi ya miaka 1,000. Na sharti la fumbo la sataranji ni moja: jawabu halikubaliwi mpaka lishinde hata mpinzani akijibu kwa hatua iliyo bora kabisa.

Tunajua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mchezo huu. Wapo walioukataza kabisa, na katika madhehebu ya Shafi umehesabiwa kuwa makuruhu. Ama ukiingiwa na kamari, au ukimpitishia mtu wakati wa sala, hapo hakuna khitilafu: ni haramu. Kwa hiyo mzazi anayeuruhusu nyumbani aweke mipaka mapema.

Tena amfundishe mwanawe kujiuliza, kabla ya kugusa kete: "Mwenzangu akijibu vizuri kuliko vyote, nitabaki wapi?" Awageuzie ubao katikati ya mchezo, kila mtoto auone kwa jicho la mwenziwe. Na asifu hatua njema hata kama aliyeicheza ameshindwa.

Mama yule hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi na mapema barabara zake huwa na wakimbiaji wanaojizoeza katika baridi. "Waone wale," alimwambia bintiye asubuhi ya pili, wakiwa dirishani. "Hakuna hata mmoja aliyeamka akiomba mwenziwe ajikwae."

Alasiri ile binti alimwomba binamu yake wacheze tena. Safari hii malkia alikaa kwake, wakatoka kwanza farasi na ndovu, na mfalme akawekwa mahali pa salama. Alishindwa, lakini mchezo ulichukua karibu saa nzima, na mara mbili tulimwona kijana akishika kidevu, asijue la kujibu. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, kete zilikuwa zimekwisha kurudishwa kisandukuni. Binti alikwenda kutawadha huku akimuuliza kaka yake ni wapi hasa alipopotea njia.