Bluu iliyomfichua mdudu wa malaria

Kashikishi, mji wa wavuvi uliopakana na Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, haukosi vitu viwili: dagaa walioanikwa, wenyewe huwaita chisense, na vyandarua. Vingine vimetundikwa juu ya vitanda. Vingine vimeshonwa pamoja vikawa kokoro, vinakokota ziwani kila kinachoogelea, hadi vifaranga vya samaki. Ukimlaumu mvuvi atakuuliza watoto wale nini.

Wilaya hii ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kuliko zote nchini Zambia. Mvua ikikatika, mbu aina ya Anopheles funestus anaendelea kuzaliana penye maji ya kudumu, ndiyo maana watafiti wa malaria hawabanduki hapa. Hata mmisionari David Livingstone, alipoliona ziwa hili Novemba 1867, alikuwa hana kwinini, dawa ya malaria itokayo kwenye gome la mti; sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa Januari ya mwaka huo huo. Aliponea kwa msaada wa misafara ya Waarabu na Waswahili, wale wale ambao biashara yao ya watumwa aliipinga.

Siku hizi kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache. Lakini anayetaka kumwona mdudu mwenyewe bado hurudi kwenye hadubini. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo, likaachwa likauke, kisha humwagiwa rangi iitwayo Giemsa, zambarau iliyokolea, inayong'ang'ania vidoleni hata ukisugua kwa sabuni. Kioo kikishasuuzwa na kukauka huwekwa tone la mafuta juu yake na lenzi kubwa hushushwa. Hapo ndipo kimelea anapojitokeza: mwili wa bluu, kiini chekundu. Wale wanaosubiri kufyonzwa na mbu wamepinda kama ndizi. Bila rangi ungemwona kwa shida. Kwa wengi damu ingekuwa damu tu.

Bluu hiyo iliyomo ndani ya Giemsa ilizaliwa mbali na hospitali. Mwaka 1876 mkemia Heinrich Caro wa kampuni ya BASF, Ujerumani, alitengeneza bluu ya methilini kwa ajili ya kutia nguo rangi. Ni kemikali ya kikaboni yenye nitrojeni na salfa, na malighafi yake ilitokana na lami ya makaa ya mawe, taka ambayo viwanda vya gesi vilikuwa havijui pa kuitupa. Mwaka 1891 daktari Paul Ehrlich, aliyekuwa amegundua kwamba rangi hii hung'ang'ania vimelea, alijiuliza swali rahisi: kama inamshika mdudu, kwa nini isimuue? Yeye na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin. Wakapona. Ndiyo dawa ya kwanza ya malaria iliyotoka kiwandani badala ya gome la mti.

Haikudumu. Kwinini ilikuwa na nguvu zaidi, na mgonjwa wa bluu alitishika: mkojo ulitoka wa kijani au bluu. Lakini wakemia wa kampuni ya Bayer waliichukua, wakabadilisha vipande vyake, wakapata plasmokini katika miaka ya 1920. Ukoo huo huo wa utafiti ndio ulioleta klorokwini mwaka 1934. Kidonge kile kichungu kilichowawasha watu mwili mzima ni mjukuu wa rangi ya nguo.

Tukakitumia ovyo, nusu dozi leo, nusu keshokutwa, hadi mdudu akakizoea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuhamia dawa mseto yenye artemisinini. Sasa dalili za usugu dhidi ya artemisinini zimeonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Ndiyo sababu wanasayansi wamemkumbuka babu. Majaribio yaliyofanywa Burkina Faso na Mali yameonyesha kwamba bluu ya methilini ikichanganywa na dawa nyingine huua haraka wale wenye umbo la ndizi, yaani hukata njia ya kurudi kwa mbu. Kwa ufuko kama wa Mweru, ambako mbu hana likizo, hilo si jambo dogo. Nguo kuchafuka kwa mkojo wa bluu naona ni bei ndogo.

Ila haijawa dawa rasmi ya malaria, na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao Afrika ni wengi, inaweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo, msomaji, bluu ya maabara iache maabara, na ile inayouzwa kwa ajili ya samaki wa mapambo uwaachie samaki. Ukishikwa na homa, kapime. Ukipewa mseto, umeze wote.