Ua la Uluguru Mezani pa Mchoraji

Mwaka 1898 Mjerumani Walter Goetze alichuma ua dogo kwenye misitu ya Uluguru, juu ya Morogoro. Miaka 2 baadaye liliitwa Saintpaulia goetzeana, kwa heshima ya Goetze.

Mimea kama hiyo iliingia kwenye vitabu vya mimea viitwavyo Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 chini ya bustani ya Kew, London, na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na aina 12,104 za Tanzania, Kenya na Uganda.

Wachoraji kama Margaret Tebbs na Juliet Williamson walifanya kazi bega kwa bega na waandishi wa vitabu hivyo. Mara nyingi mchoraji hupewa mmea uliokauka, umebanwa kwenye karatasi. Ua hulainishwa kwa maji moto, hupasuliwa chini ya hadubini, kisha kila kipande huchorwa kwa wino mweusi.

Urembo peke yake hautoshi. Mtaalamu huikagua rasimu: nywele za jani zimeelekea wapi? Kosa likionekana, mchoro hurudi mezani.

Kitabuni, chini ya picha huorodheshwa vipimo, namba ya sampuli iliyochorwa na jina la mchoraji.