Sukari ya mimba: panga sahani, panga stripu, panga pesa ya dharura

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa na mimba ya wiki 26 alipoambiwa ana kisukari cha ujauzito. Hakuwa anajisikia mgonjwa hata kidogo. Kliniki ilimpa maji yenye gramu 75 za glukosi, damu ikapimwa kabla ya kunywa, saa moja baadaye na saa mbili baadaye. Kipimo cha kwanza, akiwa hajala kitu, kilisoma 5.6. Kwa mtu asiye mjamzito hicho hakingeitwa kisukari. Kwa mjamzito, kuanzia 5.1 inatosha.

Aliporudi kazini swali lake lilikuwa moja: "Kwani nilikula nini?"

Ametukubalia tusimulie yaliyofuata, kwa sababu mengi aliyokwama nayo yalihusu chakula na pesa kwa pamoja. Na hayo mawili tunaweza kuyapanga.

Kwanza, si kosa lako

Kondo la nyuma hutoa homoni za kuendeleza mimba. Homoni hizo hizo huifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa shida, na shida huongezeka mimba ikikua. Ndiyo maana wengi hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28. Walio na uzito mkubwa, wenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, au waliowahi kuzaa mtoto mkubwa sana wako kwenye hatari zaidi, lakini yeyote anaweza kupatikana.

Sukari ikikaa juu, inapita hadi kwa mtoto. Anaweza kukua kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na akishazaliwa sukari yake ikashuka ghafla. Mama naye huwa kwenye hatari zaidi ya presha ya mimba. Habari njema ni kwamba wamama wengi huidhibiti kwa chakula na kutembea tu.

Sahani ya nyumbani, vipimo vipya

Mama mkwe wake alimwambia, "Kula, binti yangu, sasa mko wawili." Alisema kwa upendo, na sahani ikaja na mlima wa ugali. Mtaalamu wa lishe hakumkataza ugali. Alimwonyesha namna ya kuigawa sahani:

- Nusu iwe mboga: sukuma wiki, managu, terere, kabichi.
- Robo iwe ya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, omena, kuku.
- Robo iwe wanga: ugali kama ngumi yako, au chapo moja, au vipande vichache vya nduma. Chagua kimoja, usichanganye vyote.

Kuacha wanga kabisa si dawa, mtoto anaihitaji. Kuruka mlo pia si dawa. Kula milo mitatu ya wastani na vitafunio vidogo katikati, kama njugu au yai.

Asubuhi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu wakati huo mwili huikataa insulini kuliko saa nyingine. Chai ya sukari na mandazi mawili ilimpandisha haraka kuliko chakula cha jioni. Alibadilisha ikawa chai ya maziwa bila sukari, mayai mawili na slesi moja ya mkate wa ngano isiyokobolewa. Uji nao, hata wa wimbi, ni wanga. Kikombe kidogo bila sukari kina tofauti kubwa na bakuli.

Vinywaji ndivyo hutudanganya. Soda ya kawaida ya mililita 300 inaweza kuwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba hivi. Juisi ya matunda pia hupandisha sukari haraka. Kula tunda lenyewe, kiasi, na unywe maji.

Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15. Yeye alianza kushuka matatu steji moja kabla ya ofisi. Kama daktari hajakukataza kutembea, jaribu hivyo.

Stripu 50 ni siku 12

Hapa ndipo mambo yalipomwendea vibaya. Aliambiwa ajipime mara nne kwa siku: akiamka kabla ya kula, na baada ya kila mlo. Malengo yanayotumika sana ni chini ya 5.3 asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Daktari wako anaweza kukupa yako.

Mshahara ulipoingia alinunua mashine ya kupima sukari na pakiti moja ya stripu 50. Siku ya 13 stripu zikaisha, na mwisho wa mwezi uko mbali. Akakaa siku nne bila kupima, akikisia.

Tufanye hesabu pamoja. Mara nne kwa siku ni stripu 120 kwa siku 30, yaani karibu pakiti mbili na nusu. Kuanzia wiki ya 28 hadi ya 40 ni siku 84, stripu 336, karibu pakiti saba. Tuseme pakiti kwenye duka lako la dawa ni shilingi 1,800. Gawanya kwa 12: ni shilingi 150 kwa siku. Ukisubiri zikuishie utatafuta 1,800 kwa mpigo. Ukitenga 150 kila jioni kwenye akiba ya simu, siku ya 12 pesa iko tayari. Angalia ada kabla ya kuhamisha. Kama kuna ada, hamisha mara moja kwa wiki.

Mambo mawili zaidi. Kabla ya kununua mashine, uliza bei ya stripu zake, kwa sababu ya mashine moja haitoshei nyingine. Na ukikosa pesa, usinyamaze. Mwambie muuguzi mapema akuambie ni vipimo vipi visivyoweza kuachwa.

Kisha fungua taarifa ya malipo yako ya mwezi. Mwenzetu aliona pesa ya soda na mandazi pale kwa kibanda, mstari kwa mstari. Ilitosha kulipia sehemu nzuri ya stripu.

Insulini si adhabu

Katika wiki ya 31 sukari ya asubuhi ilikataa kushuka, na daktari akamwanzishia insulini. Alilia, akidhani ameshindwa. Daktari akamweleza kwamba homoni za mimba zimezidi uwezo wa chakula peke yake, na insulini haimdhuru mtoto.

Ukiwa kwenye insulini, jifunze dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ikishuka chini ya 3.9, kunywa vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Hapo sukari ndiyo dawa.

Wanaouza miujiza kwa simu

Kuna jumbe zinazoahidi "kumaliza sukari kwa siku saba", tuma nusu kwanza. Usitume. Dawa usiyoijua inaweza kumdhuru mtoto, na pesa ikienda kwa tapeli ni ngumu kurudi. Uliza kliniki kwanza. Ukilipa duka la dawa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari ya siri. Usimpe mtu nambari hiyo, hata anayesema anapiga kutoka hospitali.

Pesa ya usiku wa manane

Mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hivyo weka nauli ya dharura ambayo haiguswi, simu iwe na chaji, na uwe na nambari ya dereva unayemwamini. Mtu mmoja wa nyumbani awe na nauli kama hiyo kwenye simu yake mwenyewe, ili asihitaji nambari yako ya siri ukiwa hujiwezi.

Mwenzetu alijifungua salama. Mara nyingi sukari hii huondoka baada ya uzazi, lakini hatari ya kisukari cha kudumu hubaki. Pima tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha uendelee kupima kila daktari atakavyokuambia. Yeye ameshaweka kikumbusho kwenye simu, na akiba ya shilingi chache kila wiki kwa ajili ya kipimo hicho. Kama una mimba, au una dada aliye nayo, fanya hesabu yako leo jioni kabla stripu hazijaisha.